Fundi Alipokuwa Akinawa

Mume wangu alikuwa fundi magari pale Sakina, Arusha, na kwa miaka kumi na saba nilimmwagia maji ya kunawa mikono kila jioni. Nasema kila jioni, ingawa si kweli kabisa. Zilikuwepo jioni za misiba na za safari, na ipo jioni moja ambayo nitaieleza. Lakini ukiniuliza ndoa yetu ilikuwa nini, sitakutajia harusi wala nyumba. Nitakutajia kopo la plastiki, beseni la bati, na mwanaume mrefu aliyechuchumaa uani akijisugua vidole kwa sabuni ya unga na mchanga kidogo, huku akizungumza.

Gereji yake ilikuwa ng'ambo tu ya barabara ya Nairobi, mahali ambapo ningeweza kumwona kutoka getini kama malori yasingekuwa yanapita. Kabla ya kufunga alifuta grisi nzito kwa petroli na tambara. Angeweza kumalizia kunawa kule kule, maana bomba lilikuwepo. Lakini kunawa kwenyewe alikuja kunawa nyumbani. Mwanzoni nilidhani ni kudeka. Huyu kalelewa na mama wa kumshikia kopo, nikajiambia, sasa kaniletea mimi kazi hiyo.

Kisha nikaanza kusikia anachosema. Alikuwa anaisimulia siku yake tangu asubuhi, gari kwa gari.

"Asubuhi nimeanza na pikapu ya yule mama wa mbogamboga. Klachi. Imetoka vizuri. Halafu akaja mzee wa lori, nikamjibu vibaya. Alikuwa ananizungusha tangu juzi, lakini hata hivyo nimemjibu vibaya. Kesho nimpigie." Anasugua, anageuza mkono, anachokonoa kucha kwa njiti. "Mchana nimekula vizuri. Alasiri nimepoteza saa nzima nabishana habari za mpira." Hapo anacheka. "Haya. Mwaga."

Hakuwa ananiomba ushauri. Hilo liliniudhi mwanzoni, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu akisikia kosa mkono unamwasha. Nikisema, "Lakini Fundi, ungemweleza tu yule mzee kwamba...", alinyanyua kidole kimoja chenye povu.

"Mwalimu, wewe mwaga maji tu."

Ndivyo tulivyoitana. Ulikuwa utani wa siku za uchumba, ukabaki mpaka hata mama mkwe akaanza kuuliza, "Mwalimu hajambo?" kana kwamba sikubatizwa.

Siku moja nilimuuliza mazoea hayo aliyatoa wapi. Akaniambia ni kwa mama yake. Nyumbani kwao Kibosho, kabla ya sala ya usiku, mama alikuwa anawapigisha magoti watoto wote saba, na kila mmoja ajichunguze dhamiri kwa sauti mbele ya wenzake: leo nimefanya nini, nimemkosea nani, kesho nitarekebisha nini.

"Wengine tulikuwa tunatunga dhambi," alisema. "Ukisema huna, mama anakutazama mpaka unazipata."

Alipokuja Arusha kujifunza ufundi aliacha kupiga magoti, lakini maneno yakamganda. Akagundua kwamba mikono ya fundi inahitaji kama dakika kumi kutakata, na dakika kumi zinaitosha siku moja. Mimi niliyelelewa Kilutheri huko juu ya Tengeru, kwenye migomba ya Wameru, nilizoea kuungama kanisani Jumapili, sote kwa pamoja, kwa maneno yaliyoandikwa kitabuni. Kumsikia mtu mzima anaungama nati na breki kulinichekesha. Nilicheka kwa miaka kama miwili, halafu nikazoea, halafu nikaanza kuisubiri sauti ile bila kujua kwamba naisubiri.

Jambo ambalo nililiona mapema, ila sikulifanyia kazi, ni kilichofuata baada ya beseni kumwagwa. Fundi hakuwa tena na gari kichwani. Mteja akipiga simu, alimjibu kwa upole, "Tuonane asubuhi, mkuu," akaweka simu juu ya kabati. Alimenya ndizi. Alimsikiliza binti yetu akisoma, hata yale maneno ya Kiingereza ambayo yeye mwenyewe hakuyajua, akitingisha kichwa kama mkaguzi wa elimu. Alilala kama gogo.

Mimi nilikuwa nabeba shule nzima nzima na kuiingiza ndani. Madaftari juu ya meza ya chakula, madaftari kitandani, na hasira za darasani naziweka kwenye mboga. Nilikuwa naamini kwamba mwalimu anayejali ndivyo alivyo. Nilikuwa nikimwonea Fundi wivu kidogo, naona kazi yake ni ya chuma, haina watoto ndani yake, ndiyo maana anaweza kuiacha getini.

Siku aliyonionyesha kwamba kazi yake nayo ina watoto ndani, binti yetu alikuwa darasa la tatu.

Ilikuwa jioni ya kawaida, ya baridi, mwezi wa saba. Fundi alikuwa amefika alasiri katika masimulizi yake. "Saa tisa nimefunga pedi za breki kwenye gari jekundu la yule mama nesi. Nimerudisha tairi la kushoto, nimekaza. Nimerudisha la kulia, nimezishika nati kwa vidole, halafu jamaa wa lori akaniita..."

Mikono ilibaki hewani, povu linateremka kwenye viwiko.

"Akaniita," akarudia. "Nikaenda. Niliporudi nikashusha jeki. Nikampa mama ufunguo."

"Ulikaza?" nikauliza.

"Sikumbuki kukaza."

Nikaikimbilia simu yake. Mikono yake ilikuwa imelowa, kwa hiyo nikapiga mimi na kumwekea sikioni. Ikaita mpaka ikakatika. Tukapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa na mtoto.

"Haloo. Mama anaendesha."

"Mtoto mzuri, mko wapi?"

"Tunaenda Moshi kwa bibi."

"Sikiliza. Mwambie mama apunguze mwendo taratibu, aweke gari pembeni. Mwambie ni fundi. Mwambie sasa hivi."

Tulimsikia mtoto akifikisha ujumbe kwa ule uvivu wa watoto: "Mama, fundi anasema usimame." Na sauti ya mama kwa mbali: "Mwambie nitampigia nikifika."

"Mama!" Fundi akapiga kelele. "Tairi! Tairi linatoka!"

Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile, si kabla wala baada. Kuku wa jirani walitawanyika. Simuni kukawa na mvumo, kisha kukakwaruza, kisha ikaja sauti ya yule mama ikiwa karibu kabisa, inatetemeka. "Nimesimama. Nimepita Tengeru kidogo. Kuna nini?"

"Shukeni wote. Kaeni mbali na barabara, usiliguse gari. Nakuja."

Akapanda bodaboda na spana ya tairi mapajani, bila koti. Nilibaki na beseni la maji machafu na mtoto anayeniuliza baba kaenda wapi. Alirudi saa mbili. Nati mbili zilikuwa zimeshadondoka njiani, na zilizobaki zilikuwa zinacheza.

"Umemwambiaje?" nilimuuliza.

"Nimemwambia ni mimi. Sikumwambia barabara mbovu, wala kwamba nati zilikuwa kuukuu. Nimemwambia nilisahau."

"Akasemaje?"

"Amenitukana vizuri sana. Halafu akalia. Halafu mtoto wake akaniuliza kwa nini nina povu sikioni."

Nikamtazama. Kweli, povu lilikuwa limekaukia sikioni, mahali alipoikandamiza simu kwa mkono wenye povu. Nilitaka kucheka nikashindwa. Fundi alichuchumaa tena uani, akaomba maji mapya, akaendelea na siku yake pale alipoiachia. Alikuwa bado na gari moja la kusimulia. Alilisimulia, kisha akasema, "Leo karibu niue watu wawili. Kesho na siku zote, nikiitwa, namalizia nati kwanza." Nikamwaga.

Yule nesi aliendelea kuleta gari lake kwetu. Fundi alipomuuliza kwa nini, alisema mafundi wanaosahau ni wengi, ila huyu anayekumbuka ndiye mmoja.

Sasa niieleze ile jioni niliyoitaja.

Binti yetu alikuwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya mwalimu wa taaluma, mitihani ya moko, ile ya majaribio, ilikuwa imekwisha, na mezani nilikuwa na lundo la karatasi lililozidi kimo cha chupa ya chai. Fundi alivuka barabara kama kawaida. Akasimama mlangoni na kopo mkononi.

"Mwalimu. Maji."

Sikunyanyua kichwa. "Jimwagie mwenyewe leo, Fundi. Nina karatasi hizi."

"Haya," akasema. Hakukasirika. Naijua sauti yake akikasirika, na ile haikuwa yenyewe.

Akaenda uani. Kupitia dirishani nilisikia maji yakigonga bati, na sauti yake, taratibu, ikitembea kutoka gari hadi gari. Maneno sikuyapata. Baada ya muda baridi ikaanza kuniuma miguu. Nikainuka, nikafunga dirisha, nikarudi kwenye karatasi.

Asubuhi alikunywa chai amesimama, akaondoka. Saa nne mkuu wa shule alikuja mlangoni mwa darasa langu, akaniita kwa jina langu la kwanza, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Fundi alikuwa ameanguka gerejini kando ya gari. Moyo. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakwenda.

Watu wengi hufiwa, na wengi hujilaumu kwa mambo makubwa kuliko dirisha. Nalijua hilo. Lakini mimi nimekwama pale. Pengine jioni ile alisema, "Leo kifua kimenibana, kesho niende hospitali." Pengine kama ningekuwa nimeshika kopo ningesikia, ningempeleka. Na pengine hakusema lolote la maana, ni klachi na gasketi tu. Hata hiyo klachi naitamani. Ningeipokea klachi hiyo kama watu wanavyopokea wosia.

Baada ya arobaini nilimuuliza binti yangu. Jioni ile alikuwa jikoni, kile chumba cha uani, akichagua mchele hatua chache tu kutoka kwa baba yake.

"Alisema nini?"

"Sikusikiliza, mama. Alikuwa anaongea kama kila siku." Akafikiri. "Mara moja alicheka."

"Alicheka nini?"

"Sijui, mama. Naomba usiniulize tena."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa nimemwona machoni kwamba naye ana dirisha lake.

Tulimzika Kibosho, kwenye migomba ya kwao, kama wanavyozikwa. Tukarudi Sakina. Watu walinishauri nipumzike, nami nikafanya kinyume. Nikaomba vipindi vya ziada. Nikaanzisha masomo ya Jumamosi. Nilikuwa wa kwanza kufika shuleni na wa mwisho kutoka, na jioni nilifunga mlango wa uani kwa komeo, nikanawa mikono ndani, haraka haraka, kwenye sinki. Wenzangu walinisifu. "Mwalimu ana moyo," walisema. Moyo upi? Nilikuwa naogopa saa kumi na mbili jioni. Binti yangu alikuwa anakula peke yake mezani, na mimi upande wa pili na kalamu nyekundu. Siku moja aliniambia, bila hasira, "Mama, mimi nikileta daftari nitasahihishiwa lini?" Nikamwambia alilete. Akasema hana daftari.

Nilikaa hivyo miaka miwili.

Mwaka wa pili, kidato cha pili, niliwapa wanafunzi insha: siku ya mnada. Katika kusahihisha nikakuta insha mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ilikuwa ya msichana wa mjini, mwenye maneno mengi darasani. Nyingine ya msichana aliyetoka upande wa magharibi wa mlima Meru, mbele ya Ngaramtoni, kwenye jamii ya wafugaji, ambaye Kimaasai ndicho alichoanza nacho, na darasani Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa. Insha ilikuwa nzuri mno. Sikufikiri. Nilimsimamisha yule wa magharibi mbele ya wenzake arobaini na kitu, nikaipunga karatasi yake.

"Kiswahili hiki si chako," nikamwambia.

Alinitazama, akatazama chini. Nikampa sifuri. Kengele ikalia.

Jioni ile maji yalikuwa yamekatika ndani. Ilinibidi nifungue komeo, nitoke uani kwenye pipa la akiba. Mikono ilikuwa na chaki mpaka kwenye viganja. Nikachota maji kwa kopo, nikainama juu ya beseni, na mdomo wangu ukaanza wenyewe.

"Leo nimeingia madarasa manne," nikasema.

Nilishtuka. Nikatazama huku na huku kama mwizi, jirani asije akasema mjane ameanza kuongea peke yake. Kisha nikaendelea, kwa sauti ya chini. Nilisema kwamba kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri. Kwamba sikunywa chai ya saa nne. Kwamba nilimkatiza mwalimu mwenzangu kwenye kikao. Nilipofika kwenye kidato cha pili, kwenye yule msichana aliyesimama, nikaishiwa maneno, kwa sababu sasa nilikuwa nasimulia, na ukisimulia lazima useme kwa nini. Kwa nini nilimsimamisha yeye na si mwenzake? Jibu lilikuwa moja tu, la aibu: kwa sababu alitoka kwa wafugaji.

Na hapo hapo nikakumbuka kilichokuwa ndani ya insha. Kulikuwa na mbuzi aliyekataa kutembea kwenda mnadani, mpaka babu akambeba mtoto wa mbuzi huyo na kutangulia naye, ndipo mama mtu akafuata mwenyewe. Yule msichana wa mjini angelijulia wapi hilo? Hilo analijua mtu aliyetembea nyuma ya mbuzi huyo.

Kesho yake nilimtafuta, hakuja. Keshokutwa hakuja. Yule wa mjini nilipomwita alikiri kabla sijamaliza swali. Jumamosi nikaahirisha masomo ya ziada, mara ya kwanza tangu niyaanzishe, nikaenda.

Upande ule wa Meru ni mwingine kabisa na ule wetu wa Tengeru. Kwetu ni kijani mpaka mtu unachoka. Kule ni vumbi, upepo, na mlima unauona mgongo wake. Niliulizia mpaka nikafika. Bibi yake alikuwa ameketi mlangoni akisafisha vibuyu vya maziwa. Msichana mwenyewe aliponiona alisimama, mikono nyuma, kama yuko paredi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba." Akanionyesha kiti cha plastiki.

Nilimweleza bibi nilichofanya, na nilimweleza kama Fundi alivyomweleza yule nesi. Sikusema kwamba nilikuwa nimechoka, wala kwamba nimefiwa. Nilisema nilimwita mjukuu wake mwizi na hakuwa mwizi. Bibi alisikiliza, akasema maneno kwa Kimaasai. Msichana akatafsiri huku akitazama miguu yake.

"Anauliza, umekuja peke yako?"

"Ndiyo."

"Anasema walimu huwa wanaita wazazi. Hajaona mwalimu aliyekuja."

Sikujua kama ni sifa au lawama. Nikamgeukia msichana. "Nisamehe. Kiswahili kile ni chako."

"Najua ni changu, mwalimu," akasema.

Bibi akanipa maziwa, nikanywa. Jumatatu msichana alirudi shuleni, nami nikayarudia maneno yale yale mbele ya darasa lote, maana aibu niliyompa ilikuwa ya watu wote. Yule wa mjini akaandika insha upya. Nilidhani jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka mzima uliobaki msichana yule aliniandikia insha sahihi na fupi, bila mbuzi wala babu. Alijibu alichoulizwa, basi. Nati ukiichelewa unaweza kuikimbilia na spana, ukaikuta pembeni ya barabara. Mtoto hakazwi namna hiyo. Alimaliza kidato cha nne akafaulu, akaja kuniaga kwa adabu, na mimi nilimtazama akivuka uwanja huku nikizitamani insha ambazo hakuniandikia.

Tangu jioni ile ya pipa nimekuwa nikinawa nje. Sina sala ndefu wala daftari la kuandika. Nasimulia siku kwa mpangilio wake, kwa sauti, kwa sababu nimegundua nikisimulia kimoyomoyo nadanganya. Nasema kilichokwenda vizuri bila kuona haya. Nasema nilipokosea, na kama kuna mtu nitakayemtafuta kesho, namtaja. Kisha namwaga maji kwenye mchaichai, na madaftari hayapo tena mezani, maana nayaacha shuleni kabatini na ufunguo nao naacha. Mwanzoni nilidhani matokeo yatashuka. Hayakushuka. Wala sikuwa mtakatifu. Zipo jioni nyingi naruka, zipo ambazo nasema maneno mawili na kuingia ndani. Lakini nalala. Na nilianza kumsikia binti yangu wakati bado yupo nyumbani, mwaka mmoja kabla hajaondoka kwenda chuo, jambo ambalo nalishukuru kuliko cheo chochote.

Kujimwagia maji mwenyewe ni kazi ya ajabu. Mkono mmoja umeshika kopo, mwingine unanawa nusu. Nilihangaika hivyo mpaka nikafunga kibuyu chirizi kama vile tulivyo navyo shuleni: dumu limening'inizwa kwenye mti, kamba, kijiti cha kukanyaga kwa mguu, maji yanadondoka, mikono yote miwili iko huru. Kinafanya kazi vizuri. Ila hakisikilizi. Kuna wakati namaliza kusimulia, nabaki nimekanyaga kile kijiti, maji yanamwagika bure, kwa sababu nasubiri mtu aseme neno. Najua hakuwa akinisikiliza mimi, mimi ndiye niliyekuwa nikimsikiliza yeye. Siku zangu mimi hakuwahi kuzisikia namna hii. Nilikuwa na karatasi.

Binti yangu sasa anafanya kazi ofisi moja huko Dodoma. Hunipigia jioni, mara nyingi kunisalimu tu na kuuliza kama nimekula. Wiki iliyopita sauti yake haikuwa nzuri.

"Vipi, mwanangu?"

"Nimeharibu leo, mama. Kuna dada mmoja kazini, amekuja juzi tu. Nimemgombeza mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu." Akavuta pumzi. "Nianzie asubuhi?"

"Anzia asubuhi," nikamwambia.

Akaanza. Alisema habari za kikao, za ripoti iliyochelewa, za chakula cha mchana ambacho hakukila. Mara tatu nilitaka kumkatiza, nimwambie afanye hivi, amwambie hivi yule dada. Niliuma midomo. Wakati fulani nilinyamaza sana mpaka akadhani simu imekata.

"Mama, upo?"

"Nipo. Endelea."

Alipomaliza alisema atamtafuta yule dada asubuhi kabla ya chai. Kisha sauti ikabadilika, akaniambia amepata likizo, mwezi ujao anakuja Arusha, wiki mbili nzima, na nisimpikie ndizi kila siku.

Tukaagana. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo juu ya Meru, na barabarani malori ya Nairobi yalikuwa yanaanza kuwasha taa. Nilisimama uani na simu mkononi, nikitamani sana awepo mtu wa kumwambia kwamba mtoto wetu anakuja.